Kabla ya Kununua King'ora, Uliza Nani Atakuja

  Leo tuzungumzie ving'ora vya nyumbani, ile mitambo inayopiga kelele mwizi anapoingia. Ukipita maduka ya vifaa vya umeme pale Kariakoo utaviona vimepangwa kwenye rafu, vya kila aina na kila bei: vya waya na visivyo na waya, vyenye remoti, vyenye laini ya simu ndani yake, vyenye kamera. Na mnunuzi anapofika dukani maswali yake huwa yale yale. Kinalia kwa nguvu kiasi gani? Kina sensa ngapi? Bei ya mwisho shilingi ngapi? Ni maswali mazuri, ila yamekuja mapema mno. Kuna swali la kuuliza nyumbani, kabla hata hujapanda daladala kwenda dukani, nalo ndilo nitakalolishikilia jioni hii yote: king'ora hiki kikilia saa nane za usiku, nani atakuja, na atachukua dakika ngapi kufika?

Nasema hivyo kwa sababu king'ora hakimkamati mtu. Kazi yake ni kupeleka habari, basi. Habari ikimfikia mtu aliye karibu, aliye macho na anayejua la kufanya, fedha yako imefanya kazi. Isipomfikia mtu wa namna hiyo, umenunua kelele. Jambo hili lilijulikana zamani sana. Kengele ya wizi ya umeme ilipewa hataza Marekani mwaka 1853, na mvumbuzi wake alikuwa Augustus Pope wa jimbo la Massachusetts. Mlango au dirisha lilipofunguliwa, kengele iligongwa ndani ya nyumba. Mwaka 1857 haki za uvumbuzi huo zikanunuliwa na mfanyabiashara Edwin Holmes, na huyu ndiye aliyeueneza. Kilichoipa biashara yake nguvu ni kuunganisha majengo ya wateja kwa waya hadi ofisi moja ya kati, ambako watu walikesha wakisubiri ishara. Zaidi ya miaka 100 baadaye, muuguzi Mary Van Brittan Brown, mkazi wa Queens, New York, akabuni pamoja na mumewe Albert mtambo wa ulinzi wa nyumbani wenye kamera mlangoni na skrini ndani. Waliomba hataza mwaka 1966 na wakaipata mwaka 1969. Mama huyu alikuwa na zamu za saa zisizotabirika, mara nyingi akijikuta nyumbani peke yake, na polisi katika mtaa wao walichelewa kufika. Kwa hiyo pamoja na kamera aliweka kitufe cha kuita msaada. Mnaona, wasikilizaji? Alianza na shida ya nani atakuja, kisha akatafuta vyombo vya kuitatua.

Sasa tuhesabu dakika pamoja. Tuseme mlango wako wa jikoni ni wa mbao nyepesi, kitasa chake cha bei rahisi, na mwizi mwenye mtaimbo anaung'oa kwa dakika mbili. Tuseme kitambuzi cha mwendo, ile sensa ya mafundi, kimefungwa sebuleni, kwa sababu ndiko iliko televisheni. Mwizi anavunja mlango, anapita jikoni kimya kimya, anatokea sebuleni, na hapo ndipo king'ora kinaanza kulia. Kazi ngumu yote ameshaimaliza. Majirani wakihitaji dakika tano kuamka, kutafuta viatu, kufungua mageti yao na kufika kwako, vitu vimeshavuka ukuta. King'ora kimelia sawasawa na umeibiwa vilevile. Sasa chukua nyumba hiyo hiyo, lakini nje ya mlango wa jikoni kuna mlango wa nondo wenye kufuli imara, na kwenye nondo hizo kuna kitambuzi cha mtikisiko. Mwizi akianza tu kuzitikisa, king'ora kinalia. Bado ana nondo mbele yake, na nyuma ya nondo kuna mlango wa mbao. Dakika tano za majirani sasa zinatosha.

Narudia, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Muda ambao milango yako inaweza kumzuia mtu lazima uwe mrefu kuliko muda wa msaada kufika, na king'ora kilie mwanzoni mwa muda huo. Ukijua kwamba mtu wa kukusaidia atafika baada ya dakika kumi, umeshajua mlango wako unatakiwa uhimili kiasi gani, na umeshajua vitambuzi vikae wapi. Kwa nyumba nyingi za kwetu, hesabu hii ukiifanya kwa uaminifu utagundua kwamba shilingi ya kwanza iende kwenye kitasa, komeo, bawaba na taa ya nje. Muuza ving'ora hatakuambia hivyo, na simlaumu, anauza alichonacho.

Najua kuna msikilizaji anayesema, "Lakini kelele peke yake inatosha kumtimua mwizi." Hoja hiyo ina uzito, na tuipe haki yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Charlotte, wakiongozwa na Joseph Kuhns, waliwahoji wafungwa zaidi ya 400 wa makosa ya kuvunja nyumba katika majimbo matatu ya Marekani. Wengi wao walisema kwamba kabla ya kuvunja hujaribu kujua kama nyumba ina king'ora, na zaidi ya nusu wakasema wakikikuta huenda kutafuta nyumba nyingine. Kwa hiyo king'ora kinachoonekana, hata kabla hakijalia, kina faida. Lakini tujiulize: mwizi anaogopa nini hasa? Haogopi sauti. Anaogopa watu watakaoifuata sauti. Katika mtaa ambao king'ora hulia nusu saa nzima na hakuna dirisha linalowashwa taa, mwizi naye anajua, maana mara nyingi wezi wetu wanaufahamu mtaa vizuri kuliko wageni wa kampuni za ulinzi. Hofu hiyo huisha, na ikishaisha, bati la onyo lililobandikwa getini halimzuii mtu.

Na kinachoimaliza hofu hiyo haraka kuliko kitu kingine chochote ni kelele za uongo. Wazee walisema la mgambo likilia lina jambo. Watu wanaamka na kutoka kwa sababu wanaamini lipo jambo. Likilia Jumatatu kwa sababu ya upepo, Jumatano kwa sababu ya paka, na Ijumaa kwa sababu mtoto kaenda msalani, Jumapili mwizi akija kweli jirani atajifunika shuka. Hili halitokei kwetu tu. Katika miji ya Marekani polisi wamekuta kwamba zaidi ya miito tisa katika kila kumi inayotoka kwenye ving'ora ni ya bure. Mji wa Salt Lake City ulichoka, na tangu mwaka 2000 polisi wake wakaacha kukimbilia king'ora kilichojilia chenyewe mpaka awepo mtu aliyehakikisha kwamba pana tatizo. Fikiria hilo: wenye magari, redio za mawasiliano na mishahara ya kazi hiyo walichoka. Jirani yako ambaye hakuna anayemlipa, na anayetakiwa kuwa kazini saa moja asubuhi, atavumilia mara ngapi?

Kwa hiyo ufungaji ni nusu ya kazi, na hapa naomba tutulie kidogo tumwangalie fundi mkono wake. Kitambuzi cha mwendo cha kawaida hakioni kama jicho linavyoona. Kinahisi joto linapohama mbele yake. Ndiyo maana humtambua vizuri zaidi mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayekijia moja kwa moja. Fundi mzuri hukifunga kwenye kona, juu kidogo ya mita mbili, mahali ambapo mtu anayetoka mlangoni lazima akatize. Fundi mwenye haraka hukifunga pale waya ulipoishia. Matokeo yake kitambuzi kinatazama dirisha la aluminiamu linalopigwa na jua la jioni, au pazia linalopeperushwa na feni, au mkondo wa kiyoyozi, na kila siku kinaona joto likihama. Halafu kuna mjusi, huyu wa ukutani anayefuata wadudu kwenye taa. Akitambaa juu ya kioo cha kitambuzi, kwa mtambo yeye ni kitu kikubwa kilichojaza chumba kizima. Sisimizi na buibui nao huingia kupitia tundu la waya na kujenga humo ndani. Dawa yake ni ndogo: tundu lizibwe kwa silikoni, kitambuzi kikae mbali na taa inayovuta wadudu, na kifutwe vumbi mara kwa mara. Ni kazi ya dakika chache, lakini mwambie fundi mapema, maana akishakusanya ngazi yake hatarudi kwa ajili ya mjusi.

Vitambuzi vya mlangoni navyo vina tabia zake. Hivi ni vipande viwili, kimoja kwenye fremu na kingine, chenye sumaku, kwenye mlango. Vikiachana, king'ora kinalia. Sasa mlango wa mbao huvimba masika na kunywea kiangazi, na bawaba zikilegea mlango unashuka. Vipande vilivyokuwa vinakaribiana vinaanza kuachana, na upepo mdogo unatosha kuamsha mtaa. Kwenye mlango wa chuma, chuma chenyewe hupunguza nguvu ya sumaku, kwa hiyo pana aina yake maalumu. Usikubali kufungiwa ya mlango wa mbao. Na ninyi wa pwani, wa Kigamboni, Tanga na Unguja, hewa ya chumvi inakula maungio ya waya. Kilichofungwa nje kikaguliwe mara nyingi zaidi kuliko karatasi ya mtengenezaji inavyosema.

Tuje kwenye umeme. Je, king'ora chako kinafanya kazi umeme ukikatika? Utaambiwa ndiyo, kina betri. Betri gani, na ina umri gani? Mitambo mingi ya waya hutumia betri ya risasi ya volti 12 iliyofungwa ndani ya boksi, na betri hiyo hudumu miaka mitatu hadi mitano. Ikikaa juu ya dari chini ya bati la moto, hufa mapema. Inakufa bila kutoa taarifa, na utakuja kujua usiku ambao uniti za LUKU zimeisha. Kumbuka pia kwamba katika nyumba nyingi mita na swichi kubwa viko ukutani kwa nje, na mwizi anajua hivyo. Boksi la king'ora nalo liko nje, linaonekana, na waya wake unakatika. Kwa hiyo chagua king'ora ambacho boksi lake la nje lina betri yake lenyewe na hulia likifunguliwa au likikatwa waya. Hili ningeliweka mbele ya idadi ya sensa au rangi ya skrini.

Na laini ya simu? Mitambo mingi sasa ina laini ndani, ikigundua mtu inakupigia au inatuma ujumbe. Ni kitu kizuri sana, ila laini ile ni laini kama nyingine. Inahitaji salio, inahitaji kusajiliwa kwa alama za vidole, na ikikaa miezi bila kutumika inaweza kufungwa. Watu wanaifunga na kuisahau. Weka utaratibu wa kuifanya ipige angalau mara moja kwa mwezi. Na namba itakazopiga ziwe za nani? Yako peke yako haitoshi. Ukiwa Dodoma kwenye semina na simu ikakuambia Tegeta kumeingiliwa, utafanya nini? Utaanza kumtafuta mtu mwingine, na dakika zinakwenda. Namba ya kwanza iwe ya mtu aliye karibu na nyumba.

Hapo tumerudi kwenye swali letu: nani atakuja? Wenye uwezo huingia mkataba na kampuni ya ulinzi. Ukiingia, uliza yale yasiyoandikwa kwenye kipeperushi. Gari lao la usiku linalala wapi, na linahudumia maeneo mangapi kwa wakati mmoja? Barabara ya mtaa wako ikijaa maji masika, wanapita wapi? Wataitambuaje nyumba? Kibao cha namba kilichowekwa katika zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022 kina kazi hapa. Kisifichwe na maua, na namba hiyo iandikwe kwenye mkataba. Kisha waombe waje kwa majaribio usiku, bila kuwaambia saa, uone kwa macho yako wanachukua muda gani.

Wasio na mkataba, na ndio wengi wetu, wana majirani. Lakini ujirani wa kusalimiana hautoshi kwa kazi hii, panahitajika mapatano. Kaa na nyumba tatu au nne zinazokuzunguka, mkubaliane: king'ora cha kwa fulani kikilia, huyu anapiga 112, yule anawasha taa zote za nje, yule mwingine anampigia mwenye nyumba. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ajue, na kikundi cha ulinzi shirikishi kama kipo kijue. Na jambo moja tukubaliane kwa sauti moja: watu wanakuja kumzuia mwizi na kuita polisi, hawaji kumuua mtu. Tumeshaona mara nyingi mno neno "mwizi" likipigiwa kelele usiku, na asubuhi inagundulika aliyelala chini hana hatia. King'ora chako kisiwe kiini cha msiba wa namna hiyo. Asiingie mtu ndani gizani, wala asipigwe aliyekamatwa. Haya yasemwe mchana, watu wakiwa na akili zilizotulia.

Mwingine anasema, "Mimi nina mlinzi, king'ora cha nini?" Huyo mlinzi ndiye anayekihitaji kuliko wote. Ni mtu mmoja, ana fimbo na tochi, na wakija wanne atafanya nini? Mpe remoti yenye kitufe cha kuita msaada aivae shingoni, na atakuwa na mtaa mzima nyuma yake. Mwingine anasema, "Nina kamera, zinatosha." Kamera inasaidia sana kumtambua aliyekuja, na hata kuhakikisha kama kelele ni ya kweli. Lakini ujumbe wake unaingia kwenye simu wakati umelala, na intaneti inazimika umeme ukizimika. Huwezi kuitegemea iamshe watu. Wa tatu anasema, "Haya ni mambo ya matajiri." Hapana. Kwa mpangaji wa chumba na sebule, komeo imara na kile kitambuzi kidogo cha mlango cha kutumia betri ndogo, chenye sauti yake chenyewe, pamoja na mapatano na wapangaji wenzake, vinaweza kumlinda kuliko mtambo wa gharama uliofungwa kwenye jumba lililozungukwa na majirani wasiojuana.

Watu wa ndani nao tusiwasahau. Mtambo ufungwe kwa namna ambayo usiku unaweza kuwasha vitambuzi vya milango na madirisha peke yake, na vya ndani vikalala, ili watoto na wazee waweze kutembea. Namba ya siri iliyotoka kiwandani ibadilishwe siku ile ile, na ile ya fundi ibadilishwe pia. Dada wa kazi afundishwe kuwasha na kuzima, apewe namba yake mwenyewe inayoweza kufutwa akiondoka. Na hizi nondo tulizozisifu zina hatari yake moto ukitokea, kwa hiyo funguo za milango ya nondo ziwe mahali pamoja ambapo kila mtu ndani anaweza kuzifikia gizani, mbali na mkono wa mtu aliye nje ya dirisha.

Siku fundi anapomaliza, kabla hujamlipa fedha ya mwisho, fanyeni hivi. Waarifu majirani kwamba leo kuna majaribio. Zima swichi kubwa. Mwambie fundi mwenyewe atoke nje na ajaribu kuingia kupitia mlango wa jikoni, kisha kupitia dirisha la chumba cha watoto. Shika saa mkononi. Angalia king'ora kinaanza kulia akiwa amefika wapi, simu ya kwanza inamfikia nani, na mtu wa kwanza anatokea getini baada ya dakika ngapi. Kama zimezidi zile ambazo mlango wako unaweza kuhimili, bado kuna kazi, na fundi hajaondoka.